Tupa Nilimupatia Mukwe Yangu

Tarehe 9 novemba

Infirmière Germaine amenipa hii kaye ya kuandikia. Amesema: "Mama Élise, andika kila siku vile binti anaamuka. Miguu imevimba ao hapana. Kichwa inauma ao hapana. Andika vile unasemaka, minye nitasoma." Nilisoma paka mwaka ya ine ya primaire, lakini herufi bado ninazijua. Bon. Élise, mutoto yangu mumoja tu, iko na mimba ya miezi tano. Mimba mbili ya mbele zilitoka. Sasa bamemukataza yote: asibebe ndoo, asiwashe moto, asiamuke paka kwa kwenda choo. Amerudi kwangu hapa Kikula, mu Likasi, juu ya desturi yetu: mutoto ya kwanza anazaliwa kwa mama.

Leo miguu muzuri. Mvula saa nane.

Tarehe 11 novemba

Miguu muzuri. Mvula.

Tarehe 12 novemba

Miguu muzuri. Gertrude, jirani ya parseli ya pembeni, anasema bajukuu yake batatu banagonjwa surua. Nimemukataza kukanyaga kwetu. Amenuna. Anune.

Tarehe 14 novemba

Leo Mungu anisaidie niandike muzuri. Saa tisa upepo ilikuja pamoja na mvula. Nilikuwa ku jiko inje, nikasikia chini ya miguu sawa vile muntu anakokota meza nzito mu chumba. Nikatoka. Ni kaliptusi yetu, ule muti mukubwa. Marehemu baba Élise aliipanda nyuma, kati ya nyumba na barabara, ile mwaka tulinunua parseli, na sasa inapita musalaba ya kanisa urefu. Udongo imepasuka upande ya barabara, mizizi inaonekana, na muti mwenyewe umelala kuelekea chumba ya Élise. Upande moja ya shina muchwa amekula paka ndani.

Nilipanda juu ya kiti, nikapima na mukono kutoka shina paka mwisho ya bati. Shibiri sita. Jana hapo muntu angepita na mufuko ya makala ku kichwa.

Ikianguka, itachukua byumba yote mbili. Kwa Gertrude ni surua. Maternité inasema bitanda ni ya benye kuzaa, turudi mimba ikifika mwezi ya nane. Bale benye mashini ya kukata miti, niliuliza bote, bako Kamatanda banafyeka pori ya benye kuchimba madini. Anabaki mumoja tu: Carlos, bwana ya Élise, anapasuaka mbao ya mitumbwi kule ku ziwa Tshangalele. Élise amemupigia simu. Minye siwezi. Buko njo buko: mama haseme na mukwe yake.

Tarehe 17 novemba

Carlos amefika na mashini ku bega. Hakuingia. Aliketi inje ya lupango, kiwanja yetu, akaangalia barabara, na minye nikapita na kitambaa mbele ya uso. Kwetu mama na mukwe yake habaangaliane, habapeane kintu mukono kwa mukono, habaitane jina. Neno yote inapita kwa Élise, kitanda yake iko chini ya dirisha. Kama Élise analala, ninasema na kuku.

"Eh kuku," nilisema leo, "nani ataambia mugeni kama chakula iko ku kibaraza?"

Carlos naye akaambia kuku: "Ambia mama merci."

Gertrude alicheka ku ukuta: "Hiyo kuku itaomba mushahara!"

Ni kijana ya heshima. Miaka tatu sijasikia akinikatalia kintu. Mukwe muzuri ni ule hasemi: njo vile mama yangu alinifundisha, njo vile nilifundisha Élise.

Shibiri tano na nusu.

Tarehe 18 novemba

Nilisikia Carlos akiambia Élise ku dirisha: munyororo ya mashini haina makali, na tupa yake ya kunolea ilikatika ku njia. Bila tupa ya muviringo hawezi kuanza. Alitaka kusema ingine, lakini minye nilishakamata kitambaa yangu, nikaenda soko. Kintu moja naweza kufanyia nyumba yangu, nifanye.

Mwenye kuuza alikuwa na tupa ya aina tatu mu kopo, nyembamba, ya katikati, nene. Aliniuliza: "Mama, ya munyororo namba gani?"

Nilimujibu: "Ya muti mukubwa."

Alicheka, akasema kama ni vile, mama, kamata hii. Nikakamata ile nene. Ile ingine ilikuwa sawa njiti ya kuchokoa meno. Muti ya vile, njiti itafanya nini?

Tarehe 19 novemba

Miguu muzuri. Niliviringisha tupa mu kitambaa mupya, Élise akamupatia ku dirisha. Kutoka nyuma ya mulango nilimuona ameishika, anaizungusha mu bidole, muda mrefu. Kisha akageukia ukuta yangu, akainama, akapiga makofi mara mbili ya heshima. "Aksanti mama," akaambia ukuta. Nilifurahi sana. Toka saa ine paka saa saba nilisikia ile sauti, zii, zii, zii.

Tarehe 20 novemba

Zii, zii. Mvula.

Tarehe 21 novemba

Alijaribu mashini ku gogo. Mashini inalia, moshi inatoka, na chini kunaanguka unga, si maganda ya muti. Unga sawa ya muhindi. Alizima, akarudi kunoa. Shibiri tano.

Tarehe 23 novemba

Zii, zii. Unga. Miguu ya Élise imevimba kidogo magaribi. Usinizomee, Germaine, alilala siku yote, ni minye nilikuwa natembea.

Tarehe 26 novemba

Leo ni leo. Shibiri ine, na udongo nyuma ya muti inafunguka sawa mudomo. Nilisema hatungoje tena. Bamama ine ya kanisa babebe Élise juu ya matelas, godoro yake, paka mu chapelle, kanisa ndogo, ng'ambo ya barabara. Alikuwa anacheka: "Mama, munanizika muzima?" Nilimufunga mudomo na mukono.

Banaume ya chorale, benye kuimba kanisa, bakafunga kamba juu ku shina, bakaivuta kuelekea barabara. Carlos aliingia kwa upande ya barabara, kukata ile mudomo ya kwanza, pale muti inapaswa kuinamia. Saa moja ikapita. Saa ya pili pia. Mashini inalia sawa nguruwe, kisu yake, ile chuma yenye kubeba munyororo, inakuwa nyeusi, bakaimwagia maji, moshi. Unga ilifika paka ku bifundo ya miguu. Banaume babadilishana ku kamba, mikono inachubuka. Mumoja akasema: "Huyu anakata muti ao anaufuta bumbi?" Carlos aliendelea kukata. Jasho ilikuwa inaanguka ku kidevu sawa bomba.

Saa nane mudomo ilikuwa imekamilika, nyuma bado kukatwa hata kidole moja, na mvula ikafika. Mashini ikakataa. Banaume bakakimbia. Sasa niko na muti umelala juu ya nyumba yangu na tena umekatwa tumbo. Mbele ilikuwa hatari. Sasa hata sijui iko jina gani.

Chapelle haina kitanda wala choo, na bati yake inavuja: bamama bakamurudisha Élise. Mvula ilibamwagikia ku barabara, mama mumoja aliteleza, matelas ikainama upande.

Magaribi niliona damu ku shuka.

Tarehe 27 novemba

Germaine alifika na miguu, bottes, viatu yake ya mvula, imejaa matope. Damu imesimama. Moyo ya mutoto inapiga. Amenishika mabega yote mbili: "Mama, sikia. Huyu haamuke tena. Hata muti ianguke, hata Likasi yote ianguke, hakuna kumubeba tena." Nilimuonyesha muti ku dirisha. Aliangalia, akaangalia chini, akasema nimuombe Mungu. Hata weye Germaine, unasoma hii, ulisema paka vile.

Tarehe 29 novemba

Hakuna damu. Shibiri tatu na nusu. Ninakaa ku kitanda ya Élise, yeye analala, minye ninaangalia bati. Kila upepo ninamulalia juu. Sawa vile mwili yangu ni simenti.

Tarehe 30 novemba

Niandike ukweli. Nimemuchukia Carlos. Ananoa, ananoa, mikono laini ya bibi arusi, kila jino anaibembeleza sawa jicho ya mutoto. Gertrude alisema ku ukuta: "Mukwe yako anatupikia ugali na muti." Nilicheka naye. Carlos alikuwa karibu, alisikia. Aliendelea kunoa.

Nilisema na kuku, kwa sauti: "Eh kuku, kuko banaume na kuko suruali tu."

Tarehe 2 desemba

Carlos aliomba kwa Élise ruhusa ya kurudi Tshangalele siku mbili. Juu ya nini? "Kuna kintu nataka kuangalia kule." Kintu gani? Hakusema. Nikaambia Élise kwa nguvu, Carlos asikie: "Anakimbia. Akitoka ku lupango hii, asirudi kuchukua bibi." Élise akavuta shuka ku uso. Carlos akaketi tena.

Zii, zii. Shibiri tatu.

Tarehe 4 desemba

Mvula siku yote. Muti unalia ndani, kko, kko, sawa mufupa. Sikuandika miguu. Miguu sijui.

Tarehe 5 desemba

Siku ya Mungu. Carlos alikuwa ku misa. Nilikamata munyororo mu mufuko yake, na tupa, nikaenda kwa muzee Damas. Damas alinoa misumeno mu atelier ya kupasua mbao miaka makumi tatu, paka ilifungwa. Nilitaka anoe yeye, tumalize na ule muvivu.

Alivaa lunettes ya macho, akapitisha munyororo mu bidole sawa rozari.

"Nani alinoa hii?"

"Mukwe yangu. Muniwie radhi."

"Radhi ya nini? Iko mufundi."

"Mufundi! Inatoa unga, muzee!"

"Mama, angalia. Meno ya kuume na ya kushoto, urefu moja. Hakuna moja imepita ndugu yake. Hii muntu hanunue ku soko. Lakini tupa…" Akalaza tupa yangu juu ya jino. "Unaona hii kwapa ya jino? Tupa inapaswa kulala mule. Ugawe unene ya tupa mara tano: ine ndani, moja inabaki juu. Hii yenu ni nene. Imebaki inje sawa mama munene ku mulango ya busi. Inachubua jino juu, haifike chini kwenye makali inatokea. Unaweza kunoa paka Yesu arudi."

Aliipangusa munyororo na mate, akanionyesha namba ndogo, imefutika nusu. Kila munyororo iko na namba yake, na kila namba iko na tupa yake. Hii yetu inataka milimetre 4,8. Ya kwangu ni 5,5. Tofauti hata chawa hakai katikati.

"Na yeye hakuona?" niliuliza.

"Muntu ananoa hivi? Aliona siku ya kwanza, mbele ya jino ya kwanza. Tupa alipewa na nani?"

Nilivuta kitambaa ku uso. Damas alikohoa, akatoa lunettes, akaangalia kuku yake yeye.

"Ah," akasema. "Buko."

Nilirudi na miguu ya muntu ingine.

Nilimukuta Élise macho wazi. Nilimwambia yote. Alianza kulia bila sauti, sawa nilimufundisha asijitikise. "Mama, nilijua. Ile siku ya kwanza Carlos aliniambia: tupa haiingie. Lakini zawadi ya mama mukwe haikataliwe, haiachwe bila kutumika. Aliniapisha. Hapa soko kila muntu anakujua, njo Tshangalele alitaka kwenda kutafuta ingine na kuificha chini ya yako, usijue."

"Na weye? Mutoto yangu? Juu ya nini hukuniambia?"

"Tunakuogopa, mama."

Sijui kuandika ingine leo. Maisha yangu yote nilijua kama minye niko mama mwema. Nilipikia kila muntu. Kumbe banakula na bananyamaza.

Tarehe 6 desemba

Toka asubui niko soko, munyororo ku shingo sawa wazimu. Mwenye kuuza ya kwanza: iko paka nene na nyembamba, ya katikati ilikwisha. Alisema kamata nyembamba, mama, itaingia tu. Nililaza ku jino sawa Damas. Ilizama yote. Damas alishanionya: ndogo itachimba ndani, jino itakuwa ndoano, itauma muti mara moja na kufa, ao itarusha mashini ku uso ya mwenyewe. Nikakataa. Duka ya pili, hapana. Ya tatu alisema "zote ni moja", nikamwambia zilaze mwenyewe tuone, akarudisha kopo chini ya meza. Mvula ilinikuta kwa benye kutengeneza baiskeli. Pale, mu kopo ya mafuta, kati ya misumari, kulikuwa moja. Ku shina imeandikwa 4,8. Niliilaza ku jino. Ine ndani, moja juu. Nililaza tena ku jino ingine. Ine ndani, moja juu. Nilianza kupiga vigelegele pale pale, mwenye baiskeli akadhani nimefiwa.

Shibiri mbili na nusu. Hakuna damu.

Tarehe 7 desemba

Nilitaka kumupatia Carlos tupa kwa mukono ya Élise. Kisha nilifikiri: njo hivyo tulifika hapa. Nilitoka minye mwenyewe, nikaweka tupa na munyororo juu ya ukuta, nikaketi chini, mugongo kwa mugongo ya Carlos, ukuta ya tofali katikati. Hakukuwa kuku.

"Tupa ya kwanza nilikosa," nilisema. "Hii ni ya namba yake. Damas ameniambia weye ni mufundi. Minye nilikuita suruali."

Mukono yake ikachukua tupa juu ya ukuta. Kisha zii ikaanza, lakini ingine. Fupi, safi, sawa muntu anapiga miluzi.

Tarehe 8 desemba

Alijaribu ku gogo. Hakuna unga. Maganda! Marefu, ya kujikunja, sawa ya kiazi. Nilikamata ngumi nzima nikamupelekea Élise mu kitanda anuse. Upepo ya magaribi inakuja mubaya. Shibiri mbili. Kesho.

Tarehe 9 desemba

Germaine, unisamehe herufi, ninaandika mbio.

Saa tatu mbingu ilikuwa nyeusi upande ya ziwa. Banaume kumi na mbili ku kamba. Élise ndani, hakuna namna, rozari mu mukono. Gertrude alisema nitoke, mama mukwe hakai karibu na mukwe mu kazi. Nilikataa. Nilisimama ku kona ya nyumba, kati ya muti na ukuta ya mutoto yangu. Kama inakuja, ianze na minye.

Carlos aliingia nyuma ya muti. Mashini iliingia sawa kisu mu ugali. Maganda inaruka. Anasimama, anapiga kabari ya mbao nyuma ya kisu ya mashini, muti isikae juu yake, anakata tena, anapiga tena. Banaume banavuta, banaimba. Niliona juu kabisa majani inatoka ku nyumba yetu, kidogo, kidogo, kuelekea barabara. Nilisema Maria, Maria, Maria.

Kisha upepo ikapiga. Niliona kintu Carlos hawezi kuona, juu macho yake iko ku kisu. Ku upande ya muchwa shina ilianza kupasuka. Si kuanguka: kupasuka kwenda juu, ufa moja mrefu, na upande ya nyuma inajitenga, inajitenga kwake. Nililia "Toka!" Mashini ikameza sauti yangu. Nililia tena. Nililia jina yake. Carlos! Hakusikia.

Sikufikiri. Nilirukia, nikamushika mukaba na shati, mikono yote mbili, nikamuvuta sawa mufuko ya makala. Tulianguka pamoja mu matope, kichwa yangu ku kifua yake. Na pale alikuwa amesimama, urefu ya kifua, nusu ya shina ilirushwa nyuma na nguvu ya Shetani, ikapiga kona ya nyumba, ukuta ya chumba yangu ikaingia ndani. Muti yenyewe ikaenda. Ilienda kule, ku barabara, na dunia ikaruka.

Kisha kimya. Paka mvula ku bati.

"Mama?" Ni Élise, ndani. "Carlos? Mama?"

Upande yake ukuta imesimama. Kitanda imesimama. Bumbi tu mu nywele.

Carlos alikuwa ameketi mu matope, amefunika macho na mikono asiniangalie. Gertrude alipiga kelele toka ku ukuta: "Yoo! Mama Élise amegusa mukwe yake! Ameita jina! Inafaa kuku ya kusafisha buko, na pombe, na bazee!"

"Nimegusa," nilisema. "Andika ku ukuta kama unataka."

Tarehe 10 desemba

Germaine amefika asubui sana. Hakuna damu. Moyo ya mutoto inapiga mbio sawa ya kunguru amekimbizwa, lakini inapiga. Chumba yangu haina kona, mvula inaingia, nimelala ku miguu ya Élise.

Tarehe 12 desemba

Miguu imevimba kidogo. Mvula. Bazee banasema buko tutaitengeneza mutoto akishazaliwa. Sawa.

Tarehe 15 desemba

Miguu muzuri. Carlos amepasua shina, mbao imejaa lupango, harufu yake inakohoza. Minye nilikuwa na haraka, juu magaribi yote maji inafika paka chini ya kitanda ya Élise. Nilimwambia ku mulango, bila kitambaa, achukue zile mbao leo leo, apigilie ku kona, tufunge.

Alikuwa anaangalia miguu yake. Akaweka nyundo chini.

"Hapana, mama," akasema. "Ni mbichi. Zitajikunja, zitang'oa misumari, ukuta itaanguka ndani. Tufunge na bâche, turubai, kwanza."

Nilitaka kukasirika. Mudomo ilishafunguka. Kisha nikaketi juu ya gogo, mu mvula, nikalia kwa nguvu paka Élise akaita kuuliza nani amekufa.

"Hakuna," nilimwambia. "Carlos amenikatalia."